Tansio na Kidole cha Mguu

Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwenu baba ao mama anameza vinini vya tansio, sikiliza neno juu ya asidi uriki.

Ni takataka ya mwili wenyewe na ya chakula: maini, ndakala, bia zaidi. Figo zinaitoa inje kwa mkojo. Ikizidi, inaganda kwenye viungo kama chembe za kioo. Usiku kidole kikubwa cha mguu kinavimba, hata shuka linakiumiza. Ndiyo guti. Wenye tansio wengi wako nayo, na dawa zingine za kukojolesha, kama hidroklorotiazidi, zinaiongeza.

Mjomba wangu alisikia hivyo, akasema: « Ile kinini ndiyo inaniletea guti, naiacha. » Kidole kikapoa kweli. Kisha miezi mine tansio ikamupiga kwenye ubongo. Mkono wa kuume ukalala, na mpaka leo anatafuta maneno.

Kumbe munganga angemubadilishia tu! Losartani inateremusha tansio na asidi kidogo.

Wengine wanatafuta alopurinoli ili kuchunga mishipa, hata bila guti. Mwaka 2022 Uingereza walitoa majibu ya wagonjwa wa moyo 5.721 wasio na guti: haikuwakinga na shida za moyo wala za ubongo. Feza hiyo afazali inunue dawa ya tansio.

Kijana, ukisindikiza baba ku lopitali, beba vinini vyake vyote ndani ya mfuko, na umwambie munganga habari ya kidole.