Nilitumwa Kumrudisha Mdogo Wangu, Akanipandisha Farasi

Najua nimepotea hapa wiki tatu nzima, na wengine mmenitumia ujumbe kuuliza kama naumwa. Siumwi. Nilikuwa Iceland kwa mdogo wangu, kitindamimba wetu, na nimerudi na hadithi ya farasi. Ila si ya farasi peke yake, kwa hiyo vuteni viti.

Niseme ukweli kwanza. Safari ile sikwenda kutembea, nilitumwa. Mama yetu yuko Tanga, ana miaka 71 na presha yake, na mdogo wangu huu ni mwaka wa saba hajaonekana nyumbani. Alikwenda kusoma, akamaliza, akapata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akabaki. Baba alipofariki alizika kwa simu, yaani kaka yetu ameshika simu makaburini, mtandao unakatika, yeye kule analia peke yake. Basi mama aliponisindikiza alinipa vitu viwili: mfuko wa bizari ya pilau na maneno. Maneno yenyewe: "Mwambie arudi. Nisije nikaondoka hajaniona."

Bizari niliitoa siku ile ile niliyofika. Maneno nilikaa nayo siku kumi. Kila nikitaka kuyasema namwona katoka zamu ya usiku, macho mekundu, nanyamaza.

Zilipobaki siku mbili niondoke, akaniambia, "Dada, kesho sina kazi. Nimelipia safari ya kutwa. Asubuhi tunapanda farasi, mchana tunazungushwa kuona nchi." Nikamwambia mimi farasi nimewaona kwenye televisheni tu, na punda nawaheshimu kwa mbali. Akacheka. Alikuwa ameshalipa, na pesa yenyewe ni ya ovataimu, ningesemaje?

Sasa kuna fomu ya kujaza, inauliza umri, kama umewahi kupanda, na uzito. Nikaandika kilo 80. Mdogo wangu akaisoma, akafuta, akaandika 94. "Dada, farasi ndiye atakayekubeba. Mdanganye mwingine." Jamani!

Asubuhi kihaisi kikatupitia Reykjavík. Ilikuwa Juni, mwezi ambao jua la huko linazama kama saa sita usiku na saa tisa limeshachomoza, kwa hiyo usiku kucha nilikuwa nageuka kitandani nikidhani nimechelewa alfajiri. Lakini jua lile ni la kuonesha tu. Joto lilikuwa nyuzi 11 na upepo unakata masikio. Nilivaa suruali mbili, masweta mawili, mtandio nikaufunga vizuri chini ya helmeti, juu wakanivisha koti la mvua la rangi ya chungwa. Nilionekana kama mtungi wa gesi.

Farasi wao ni wafupi. Usiwaite watoto wa farasi mbele ya wenyewe, wanakasirika. Ni farasi kamili, manyoya mengi shingoni hadi yanaziba macho, na wana nguvu balaa. Wangu alikuwa wa kahawia, mpole, ana jina ambalo ulimi wangu umelikataa mpaka leo. Msichana aliyetuongoza akanishikisha hatamu, akanionesha chuma cha kuwekea mguu, akasema usimpigie kelele, usimvute mdomo, pumua. Nikapiga bismillah, nikapandishwa na watu wawili. Sitaeleza zaidi.

Tukapita katikati ya uwanda wa mawe meusi ya volkano, yamefunikwa na majani mafupi laini kama zulia la kijani. Hakuna mti, hakuna nyumba, sauti ni kwato na upepo tu. Dakika kumi za kwanza nilikuwa nimekaza mwili mzima mpaka meno. Kisha tukaingia kwenye kijito, farasi akakanyaga maji bila kuniuliza, akatoka ng'ambo ya pili, na mimi niko juu yake bado. Nikaanza kucheka mwenyewe.

Farasi hawa wana mwendo wao maalumu unaitwa tölt. Si kutembea, si matiti, si mbio. Miguu inapishana haraka haraka lakini mgongo hautikisiki. Yule msichana alishika kikombe cha kahawa, akamwachia farasi wake akaenda kasi, akarudi na kahawa yake haijamwagika. Mimi nilijaribu kidogo na ni kweli, unateleza kama uko kwenye dau siku bahari imetulia.

Tulipopumzika ndipo akatueleza jambo lililonikaa. Farasi hawa walikuja na mababu zao kwa mashua zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na wenyewe wanasema sheria ya kuzuia farasi wa nje kuingia ni ya tangu mwaka 982. Hata tandiko au glovu ulizotumia kwa farasi wa kwingine huruhusiwi kuingia nazo hivi hivi. Sababu ni magonjwa. Wamekaa peke yao kisiwani muda mrefu, hawana kinga. Kwa hiyo farasi akitoka Iceland, awe ameuzwa au amekwenda mashindanoni tu, harudi tena. Bingwa wa dunia mwenyewe harudi.

Mzungu mmoja kwenye kundi letu akauliza, "Kwa hiyo mwenye farasi anamuaga uwanja wa ndege?" Yule msichana akasema ndiyo, na watu wanalia. Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa anamchana farasi wake kwa vidole, hakuinua kichwa.

Tukarudi zizini, supu ya mboga na mkate, mapaja yanatetemeka, nikapanda gari kama bibi wa miaka 90. Hapo ikaanza nusu ya pili.

Kituo cha kwanza ni Þingvellir. Hapa ndipo walipoanza kukutanisha bunge lao mwaka 930, nje, juu ya majabali, na hapo hapo wakatangaza jamhuri tarehe 17 Juni 1944. Ila kilichonishika mimi ni ardhi yenyewe. Unatembea kwenye njia katikati ya kuta mbili za mawe, na unaambiwa huku ni upande wa Marekani, kule ni upande wa Ulaya na Asia, na ardhi inaachana kama sentimita 2 kila mwaka. Sisi wa Afrika Mashariki hilo tunalijua, Bonde la Ufa ni habari hiyo hiyo. Ndiyo maana wahandisi wengi wa Kenya wamekwenda Iceland kusomea umeme wa mvuke wa ardhini, ule unaozalishwa Olkaria.

Kituo cha pili ni Geysir, na hapa ndipo mambo yalipotoka.

Ukishuka kwenye gari unapokewa na harufu. Mayai viza, kabisa. Watu wote wanaziba pua. Mimi na mdogo wangu tukatazamana, tukasema kwa pamoja, "Galanosi!"

Wasiojua Tanga niwaeleze. Kule Amboni, karibu na yale mapango, kuna chemchemi za maji ya moto yenye salfa, zinaitwa Galanosi, kwa jina la Mgiriki mmoja aliyekuwa na mashamba ya mkonge. Watu wanakwenda kuoga kwa ajili ya ngozi. Sisi tukitoka upele, mama alikuwa anatuburuta mpaka kule, anatusugua na yale maji hadi tunalia, halafu njiani anatununulia miwa tunyamaze.

Mdogo wangu akasema, "Kila nikija hapa nasikia mkono wa mama mgongoni." Halafu akaniuliza, anatazama mbele, "Dada, mama amekutuma nini?"

Siku kumi nimekaa nalo, na lilitoka kwa sekunde moja. "Kwamba urudi."

Pale pana chemchemi inaitwa Strokkur. Kila baada ya dakika sita hadi kumi maji yanavimba kama jicho la buluu, kisha yanaruka juu mita 20 hivi, mara nyingine zaidi. Watu wamezunguka kamba na simu zao. Yakaruka, watu wakapiga kelele, mvuke ukatupitia usoni. Mvuke ulipopita, mdogo wangu akaniuliza taratibu, bila hasira, "Nikirudi, dawa za mama analipa nani?"

Sikujibu.

"Na ada ya mwanao?"

Hapa ndipo pagumu kuandika, lakini blogu hii nimewaambia miaka yote sitawadanganya. Mwanangu wa kwanza yuko shule nzuri, na ninyi wenyewe mmeona picha zake hapa. Ada yake, mwaka wa tatu huu, inalipwa na mdogo wangu. Duka langu la vitambaa liliyumba nikamwomba anisaidie muhula mmoja. Muhula ukawa miaka. Mama hajui. Mama nilimwambia duka linalipa, na mbele ya ndugu nilikuwa nasimama kusema, "Huyu mtoto kazidi, katusahau, Ulaya kumemlevya." Na yeye alikuwa anasikia kupitia kwa mashangazi, na hakuwahi hata siku moja kunisuta.

Akaniambia pia kuhusu makaratasi. Bado kidogo apate kibali cha kuishi cha kudumu. Akiondoka moja kwa moja sasa, anaanza upya, na hana uhakika wa kupata. "Mimi ni kama wale farasi wa asubuhi, dada. Ila mimi nasubiri wanipe ruhusa ya kutoka na kurudi."

Nikalia pale pale, kwenye harufu ya mayai viza, na koti langu la chungwa. Mama mmoja Mchina akanipa kitambaa cha karatasi, alidhani mvuke umeniunguza.

Kituo cha mwisho ni Gullfoss. Mto Hvítá unaanguka mara mbili, mita 11 kisha 21, na unatumbukia kwenye mpasuko hadi huoni maji yanapoishia, unaona moshi wa maji tu na upinde wa mvua. Pale pana kumbukumbu ya mwanamke mmoja, Sigríður Tómasdóttir, binti wa mkulima wa shamba jirani. Mwanzoni mwa karne iliyopita wawekezaji wa nje walitaka kuyageuza maporomoko yale kuwa ya umeme. Yeye akapinga. Inasimuliwa alikuwa anakwenda kwa miguu mpaka Reykjavík kufuatilia kesi, zaidi ya kilomita 100, na aliapa kujitupa ndani wakiyagusa. Hawakuyagusa.

Tulisimama pale muda mrefu tumeshikana mikono, hatusemi kitu. Maji yanapiga kelele sana, hata ungetaka kusema usingesikika, na kwangu ilikuwa nafuu.

Kwa mnaotaka kwenda, haya ni ya kuzingatia. Usidanganye uzito. Vaa nguo nyingi nyepesi kuliko koti moja zito. Wakikuazima glovu na viatu vya mvua, pokea. Usiguse maji ya Geysir, ni nyuzi 80 hadi 100, haya si Galanosi. Na ukipanda farasi mara ya kwanza, siku ya pili usipange kitu chochote. Mimi kiti cha ndege nilikikalia ubavu.

Nilipofika Tanga, mama hakuuliza habari za Ulaya. Aliuliza, "Umemwambia?" Nikamwambia nimemwambia. Nikamweleza anasubiri makaratasi, akipata anakuja kukuona, halafu atarudi kule. Kuja atakuja, mama, ila kurudi kukaa bado. Kisha nikakaa chini kwenye mkeka nikamweleza na la ada, lote, tangu muhula wa kwanza.

Mama alikaa kimya mpaka nikaogopa presha. Mwisho akasema, "Kumbe tunamla huku tunamwita."

Hakuniongelesha tena jioni ile. Asubuhi akaniambia nimpigie simu. Nilidhani atalia, nilidhani atasema arudi. Akamuuliza, "Mwanangu, umekula?" Halafu akaanza kumhoji kuhusu farasi, ana rangi gani, anakula nini, na dada yako alipandaje na mwili ule. Wakanicheka wote wawili mpaka salio likakata.

Ada ya muhula ujao nalipa mwenyewe. Nimeuza cherehani mbili na mwanangu nimemwambia ukweli. Ninyi mlio na ndugu huko nje, kabla hamjamwita arudi, hebu angalieni kwanza nani ananunua unga wa hapo nyumbani. Tukutane wiki ijayo.