Barua Inayolala Njiani

Sisi tukaao mbali na miji tumezoea kungoja barua. Lakini ni mara chache tunafikiri juu ya saa ambayo barua zetu zinachukuliwa. Saa hiyo ni jambo kubwa.

Tutazame Marekani. Zamani, kwa posta nyingi za huko, gari lilileta barua asubuhi, na jioni lilichukua zile zilizoandikwa na watu wa pale. Mwaka 2025 mpango mwingine ulienea. Posta iliyo mbali zaidi ya kilometa 80 na nyumba kubwa ya kuchambulia barua yaweza kupitiwa asubuhi tu: gari linaleta na kuchukua safari moja. Basi barua iliyotiwa sandukuni mchana inalala pale mpaka kesho.

Wakubwa wa posta wanasema wanapunguza gharama. Hatukatai, posta bila fedha haiendi. Lakini nani anailipia faida hiyo? Januari 2025 baraza linalosimamia posta huko lilionya kwamba watu wa mashambani wataumia. Tena muhuri hupigwa kwa kawaida kwenye nyumba ile kubwa, kwa hiyo tarehe yake yaweza kuchelewa.

Wenye ndugu huko, waambieni hivi: barua ya kodi au ya kura isingoje siku ya mwisho. Mpe karani mkononi, umwombe aipige muhuri mbele yako. Halipishi kitu.

Na kila apangaye saa za posta aanze kuhesabu kutoka nyumba ya mwisho ya njia.