Kabla pesa ya kikoba haijatoka, tulitafuta oili inavujia wapi

Kijana akinunua gari la mbio, nyumba nzima inakuwa imelinunua. Mama anahesabu saa za kurudi, baba anasikiliza muungurumo kuanzia njia panda, na wadogo zake wanajigamba shuleni. Kwetu Moshono tunaishi hivyo tangu mwanangu wa kwanza alipoleta Subaru Impreza yenye tabo, ya mwaka 2004, aliyoinunua mkononi kwa akiba ya miaka mitatu ya kuendesha watalii.

Wazazi wa Arusha mnalijua gari hilo, hasa lile la bluu lenye rimu za rangi ya dhahabu. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya akiwa na Impreza, na machalii waliozaliwa baada ya hapo wanasimulia ushindi ule kana kwamba walikuwepo. Wazee nao wana ya kwao, maana mashindano hayo yalipoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa hiyo mapenzi haya hayakuanza na watoto wetu.

Shida ilianza mwezi Juni. Kila asubuhi gari likitoka, sakafu ya uani inabaki na madoa meusi. Jioni likisimama getini, harufu ya oili inayoungua inaingia mpaka jikoni. Baba yao akakata kauli siku hiyo hiyo: "Hizo ni mbio za usiku. Injini imechoshwa." Kijana hakujibu. Kwa wiki mbili wakawa wanapishana sebuleni kwa "shikamoo" na "marahaba" tu.

Fundi wa kwanza alipiga tochi kwa chini, akasema ni gasketi ya silinda hedi. Injini ishushwe, ifunguliwe, na gharama yote ni shilingi 1,400,000. Mwanangu hakuwa nayo. Akanifuata mimi, kwa sababu alijua kikoba chetu kinavunjwa mwisho wa mwezi. Lakini pesa ile ilikuwa na kazi yake tayari. Mdogo wake alikuwa amechaguliwa kidato cha tano shule ya bweni, na tulikuwa bado hatujanunua godoro, tranka wala sare.

"Mama, nitarudisha," aliniambia.

"Sikatai, mwanangu. Ila pesa haitoki mpaka unionyeshe kwa macho yangu oili inatoka wapi."

Jumamosi iliyofuata tukamwita fundi mmoja mzee wa mtaani kwetu, mtu asiye na haraka. Alituomba boksi kubwa la kadibodi, akalifungua, akalitandaza chini ya gari usiku mzima. Asubuhi akatufundisha kusoma madoa. Maji safi yanayodondoka upande wa abiria baada ya kuwasha kiyoyozi si ugonjwa. Kitu cha kijani chenye harufu tamutamu ni maji ya rejeta. Chekundu mara nyingi ni mafuta ya usukani au ya giaboksi. Cha kahawia au cheusi, kinachoteleza kidoleni, ni oili ya injini. Letu lilikuwa hilo la mwisho.

Kisha akapima kiasi cha oili, na kwanza akaamuru gari lisogezwe barabarani, mahali palipo sawa. Nyua nyingi za upande huu wa Meru zina mteremko, na gari lililoinama linadanganya kijiti cha kupimia. Injini izimwe, isubiriwe dakika chache oili ishuke, kijiti kifutwe, kirudishwe, ndipo kisomwe. Oili ilikuwa karibu na alama ya chini. Hapo alimgeukia kijana: "Tabo inazunguka kwa kasi kubwa mno na inaelea juu ya oili. Oili ikiisha, inakufa, na pengine inaondoka na injini." Akaongeza nusu lita kabla ya kuendelea na kazi nyingine yoyote.

Hatua iliyofuata ndiyo niliyoipenda zaidi, kwa sababu ni ya kinyumbani kabisa: kuosha. Alisema injini iliyojaa uchafu wa miaka haiwezi kusema ukweli. Oili ikitoka sehemu moja, upepo wa safari unaisukuma nyuma, inatambaa kwenye vyuma, inatua kwenye ile plastiki inayofunika chini ya injini, halafu inadondokea mahali pengine kabisa. Doa la sakafuni linakuambia kwamba kuna uvujaji, lakini halikuambii unaanzia wapi. Akafungua plastiki ile, akafunika sehemu za umeme kwa nailoni, akasugua injini ikiwa imepoa kwa dawa ya kuondoa grisi na brashi, bila kuipiga maji ya presha. Ilipokauka, kijana akaliendesha kwa mwendo wa kawaida kwenye barabara ya njia nne mpaka Tengeru na kurudi, akimalizia kwenye njia zetu za vumbi.

Vumbi lilitusaidia. Mahali pakavu lilipita tu, mahali penye oili likaganda. Fundi alisema tutafute alama iliyo juu zaidi na mbele zaidi, maana oili haipandi, inashuka na kurudi nyuma. Ilihitajika tochi ya pili. Baba yao alikuwa amekaa barazani na gazeti. Akainuka bila kuitwa, akaileta, akaishika mwenyewe.

Hapa nieleze kidogo injini ya Subaru ilivyo. Tangu mwaka 1966, kampuni hiyo imekuwa ikitengeneza injini ambazo silinda zake zimelala, nusu kushoto na nusu kulia. Kwa sababu hiyo tapeti kava, ambazo kwenye magari mengi ziko juu, kwenye gari hili ziko ubavuni, na mabomba ya moshi yanapita karibu chini yake. Gasketi ya tapeti kava ikichoka, tone linaangukia bomba la moto. Ndiyo harufu tuliyokuwa tukiisikia getini, na ndiyo hatari yenyewe, kwa kuwa oili nyingi juu ya bomba lenye moto inaweza kuwaka. Ukiona moshi chini ya boneti, simama, zima gari, toa watoto kwanza.

Mwanga ulipotulia, tukaona sote. Tapeti kava ya kulia ilikuwa na mstari wa unyevu kwenye ukingo wake wa chini. Mahali silinda hedi inapokutana na bloku, ambapo fundi wa kwanza alisema panavuja, palikuwa pakavu. Maji ya rejeta yalikuwa hayajapungua, wala oili haikuwa imegeuka rangi ya maziwa. Fundi mzee hakumsema mwenzake vibaya. Alisema tu kwamba ukitazama kwa chini, gari likiwa chafu, kila kitu kinaonekana kimelowa.

Kazi ilifanyika palepale uani. Gari lilipandishwa kwa jeki, lakini likakaa juu ya stendi za chuma. Fundi alikataa matofali, na alikataa mtu yeyote kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Mzazi mwenye kijana anayependa ufundi, shika hilo kuliko mengine yote niliyoandika hapa. Betri na vitu vya pembeni vikatolewa ili spana ipate njia. Gasketi ya zamani ilitoka vipande vipande, ngumu kama ganda la muhogo lililokauka juani. Plagi zilipotolewa tukakuta oili kwenye mashimo yake, kwa hiyo sili za mashimo hayo zikabadilishwa pia, na upande wa kushoto ukafanyiwa vivyo hivyo, kwa kuwa umri wake ni uleule.

Kabla ya kufunga, alifanya mambo mawili ambayo fundi mwenye haraka huyaruka. Kwanza alikagua valvu ndogo inayoruhusu injini kupumua. Ikiziba, mvuke unajaa ndani na kusukuma oili itoke popote penye udhaifu, na gasketi mpya haitadumu. Ya kwetu ilikuwa imejaa masizi, akaweka mpya. Pili, alipaka silikoni kidogo sana, kwenye zile pembe zinazohitaji tu. Silikoni nyingi hukatika ndani na inaweza kuziba chujio la oili. Bolti akazikaza kwa mkono mwepesi, kwa kupokezana. Jirani alishauri ile dawa ya chupa inayosemekana kuzuia uvujaji, na fundi akacheka: "Mpira uliokwisha kuwa mfupa hauponi kwa kunywa dawa."

Oili chafu iliingia kwenye dumu na kupelekwa gereji, haikumwagwa mtaroni. Gharama yote, vifaa, oili mpya na ufundi, ilikuwa shilingi 190,000. Kijana alilipa 100,000, mimi nikamkopesha iliyobaki. Usiku ule kadibodi mpya ilitandazwa chini ya gari, na asubuhi ilikuwa kavu.

Lakini la mbio za usiku lilikuwa halijaisha. Mpira wa karibu miaka ishirini, uliopikwa na joto kila siku, huvuja hata kwa dereva wa kanisani. Gasketi ile haikumshitaki mwanangu, na wala haikumtetea. Jioni, baba yao alimuuliza tena, na mara hii aliuliza kama mtu anayetaka kujibiwa.

"Nilienda mara mbili, baba. Mara ya kwanza kutazama. Ya pili nilikimbiza."

Mume wangu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema gari libaki uani baada ya saa tatu usiku kwa miezi mitatu, na kwamba kila Jumamosi watapima oili pamoja. Kijana akasema, "Sawa, baba." Sikuwa nimewasikia wakimaliza jambo bila kupandisha sauti kwa muda mrefu.

Mzazi mwenzangu, doa likitokea uani, osha kwanza, subiri, kisha tazama kuanzia juu. Mwombe fundi akuonyeshe penye unyevu kabla hujafungua pochi. Na kama kuna swali la kumuuliza mtoto, muulize mwenyewe, usilipeleke kwa injini.

Binti yetu aliondoka mwanzoni mwa Julai na tranka lake jipya. Kaka yake ndiye aliyempeleka stendi, kwa mwendo wa pole, baba yao akiwa kiti cha mbele.