Moto Usio na Moshi

Sisi tunaojifunza kuandika huambiwa tuandike juu ya mapenzi, usaliti na safari za mjini. Nami nimeandika hayo yote. Madaftari yangu matatu yamejaa wapenzi walioachana stendi ya mabasi. Lakini leo, ndugu msomaji, naomba niandike juu ya jiko. Usicheke. Jikoni ndiko mama zetu wanakomalizia nusu ya umri wao, na kitu kinachokula nusu ya umri wa mtu hakikosi kuwa na kisa ndani yake.

Kwetu ni Kirua Vunjo, ukiiacha barabara kuu ya Moshi kwenda Himo na kuupanda mlima. Huku kuni hutoka kihambani: kahawa ikipogolewa, mgrevilea ukipunguzwa matawi, basi chungu kinapata kuchemka. Zisipotosha, macho ya watu hugeukia juu, msituni. Ukanda tunaouita Nusu Maili ulitengwa mwaka 1941 ili watu wa mlimani wapate kuni na mbao bila kuuingilia msitu mkubwa. Mwaka 2005 msitu huo mkubwa nao ukaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Siku hizi kupanda kutafuta kuni si jambo la kujiendea tu.

Na kuni zikishapatikana, bado kuna moshi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, na sehemu kubwa ya hewa hiyo inatoka jikoni. Nilipoisoma namba hiyo sikuona mamilioni. Nilimwona Mama akitoka jikoni alfajiri, kashika kizingiti kwa mkono mmoja, anakohoa mpaka anainama. Daktari alikuwa amemwambia aepuke moshi. Mama alimwitikia kwa adabu, akarudi nyumbani, akapuliza kuni. Angefanya nini? Watu lazima wale.

Hapo ndipo kaka yangu mkubwa, aliyeko Uingereza, aliposema kwenye simu, "Mama asipike tena kwa kuni. Naleta jiko." Jiko likaja ndani ya kontena, likashuka Dar es Salaam, likapanda lori hadi kwetu. La mtumba, lakini zuri: meupe, la kusimama lenyewe, mafiga manne ya gesi juu, oveni chini na grili katikati. Majirani walikuja kulitazama kama mtu anavyotazama maharusi. Shangazi alilizunguka mara mbili, akasema, "Hili si jiko, ni kabati la kifalme."

Na kweli likawa kabati. Mama alilifunika kitambaa cha kudarizi, akaweka redio juu yake, akaendelea na mafiga yake ya mawe. Alikuwa na hofu, nami simlaumu. Kila mtu ana habari yake ya mtungi uliolipuka mahali fulani. Tena hofu hiyo ilinigusa na mimi. Kwa desturi yetu Wachaga, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki katika nyumba ya baba. Huyo ni mimi. Baba amelala chini ya migomba, hatua thelathini kutoka jikoni. Nyumba aliyoijenga kwa kahawa ikiungua, itakuwa imeungua mikononi mwangu, mimi niliyemaliza kidato cha nne na kubaki "naandika riwaya", kama wajomba wanavyosema huku wakitazamana.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wetu alikaa miezi mitano. Mwishowe Kaka akatuma hela ya mtungi na ya fundi. Fundi wa kwanza akaja na pikipiki, ana haraka. Alitoa kwenye mfuko kipande cha mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Mama akauliza taratibu, "Baba, huu si ule wa kumwagilia bustani?" Fundi akacheka, akasema mpira ni mpira. Akauchomeka, akawasha. Moto ukaruka juu wa njano, mrefu, wenye ncha nyeusi, na sufuria ikapata masizi kuliko ya kwenye kuni. "Litazoea tu," akasema. Mama alifunga mtungi mwenyewe, akamlipa nauli, akarudisha kitambaa na redio mahali pake.

Usiku ule nilichukua tochi nikalala kifudifudi nyuma ya jiko. Mtu anayetaka kuandika vitabu ni lazima apende kusoma, na mimi husoma chochote, hata karatasi ya kufungia nyama. Nilikuta kibati kidogo chenye maandishi. Palikuwa na alama G20, na mgandamizo wa milibari 20. Pembeni, umebandikwa kwa gundi, mfuko mdogo wa nailoni wenye vijiskurubu vya shaba vyenye tundu jembamba, na kijitabu cha maelezo. Nilikisoma mpaka saa nane usiku, kamusi kando.

Kumbe gesi si moja, msomaji. G20 ni gesi asilia, ndugu wa ile iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Uingereza gesi ya namna hiyo huingia majumbani kwa mabomba. Ya kwetu ya mtungi ni nyingine kabisa: ni propani na butani, zilizogandamizwa mpaka zikawa kimiminika, na huletwa nchini kwa meli. Gesi ya mtungi ina nguvu zaidi na hutoka kwa mgandamizo mkubwa zaidi, kwa hiyo inahitaji tundu dogo zaidi pale inapochomoza kwenye figa. Jiko letu lilikuwa na matundu ya gesi asilia. Lilikuwa linalishwa kupita kiasi, hewa haitoshi kuunguza yote, ndiyo maana likawa linatema moto wa njano na masizi. Moto wa namna hiyo hauishii kuchafua sufuria. Hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumuua mtu akiwa usingizini.

Asubuhi nilimsomea Mama kijitabu chote, nikikigeuza Kiswahili sentensi kwa sentensi, na pale Kiswahili kilipokwama, Kichaga. Alisikiliza akimenya ndizi. Nilipomaliza akasema, "Basi mtafute anayejua kusoma kama wewe na kushika spana kuliko wewe."

Fundi wa pili tulimpata Moshi mjini. Mtu mzima, mpole. Kabla ya kugusa chochote alisoma kibati. Kisha akabadili vile vijiskurubu, yaani nozeli, vyote sita: vinne vya juu, cha oveni na cha grili. Akarekebisha na moto mdogo ili usizimike ukipunguzwa. Ule mpira wa bustani aliutupa nje bila kusema neno, akatoa mpira wa gesi wenye maandishi na mwaka ubavuni, haufiki mita moja na nusu. Akaukaza kwa klipu za chuma ncha zote mbili, akaupitisha mbali na mgongo wa oveni, maana pale panapata joto, na mpira ukipikwa kila siku hupasuka.

Halafu yakaja mambo ya mahali. Mama alitaka jiko likae kona ya giza, chini ya rafu ya mbao. Fundi akakataa kwa heshima. "Mama, juu ya moto pabaki wazi, sentimita 75 hivi, na pazia lisiwe karibu." Akaweka kipimo cha maji juu ya jiko. Sakafu yetu ya saruji imeinama kidogo kama mlima wenyewe, kwa hiyo akazungusha miguu ya jiko mpaka likasimama sawa. Jiko lililoinama humwagia mafuta ya moto upande mmoja. Mwisho akafunga mnyororo mfupi kutoka mgongo wa jiko hadi ukutani. Nikamuuliza wa nini. Akanionyesha mlango wa oveni ukiwa wazi. "Mtoto akikanyaga hapa ili achungulie chungu, jiko zima linapinduka, na chungu kinamfuata." Wajukuu wa Mama huja wote Desemba. Mama aliutazama mnyororo ule kwa muda mrefu.

Mtungi tuliuweka nje ya ukuta, umesimama wima juu ya tofali, chini ya kibanda chenye bati na pande zilizo wazi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai juu kama moshi tuliouzoea. Inatambaa sakafuni kama maji, inajaa shimoni, mfereji, chini ya kitanda, inangoja cheche. Kwa hiyo dirisha la juu peke yake halisaidii. Lazima pawe na upenyo wa hewa chini pia. Kwa asili haina harufu. Uvundo ule wa mayai yaliyooza huongezwa makusudi, ili pua yako iwe mlinzi.

Kisha kikaja kipimo. Fundi alikoroga sabuni na maji mpaka povu, akafungua mtungi huku mafiga yote yamefungwa, akapaka povu kwenye regyuleta, kwenye mpira, kwenye kila kiungo. Sote tuliinama kutazama. Kwenye kiungo cha nyuma ya jiko povu likavimba, likapasuka, likavimba tena, taratibu kama jicho la chura. Hapakuwa na harufu bado. Mama alishika kifua. "Kwa hiyo lingevuja usiku kucha?"

"Ndiyo maana tunapima, Mama," fundi akajibu. Akafunga, akakaza, akapaka tena. Povu likatulia. Wapo watu wanaopima kwa kuwasha kiberiti. Usimruhusu mtu huyo nyumbani kwako, hata akiwa shemeji yako.

Jioni ile Mama aliwasha mwenyewe. Njiti kwanza, gesi baadaye, wala si kinyume. Moto ukatokea wa buluu, mfupi, hauna sauti. Alibandika chai. Alisimama kando yake, mikono nyuma, kama mtu aliyepewa mgeni asiyejua lugha yake. Chai ilipochemka hakukohoa. Hakuna aliyesema kitu juu ya hilo, lakini sote tulilisikia.

Msomaji, sitaki kukudanganya kwamba kuni zimekwisha kwetu. Tarehe 8 Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kuitumia ifikapo mwaka 2034. Ni lengo zuri. Lakini mlimani kuna mambo yake. Kwetu, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 tu, hivyo maharage hukaa motoni kuliko ya mtu wa Tanga, na gesi inakwenda. Tumejifunza kuyaloweka usiku kucha na kufunika sufuria. Ndizi za mbege nazo huchemshwa kwa pipa, na pipa halipandi juu ya jiko la kaka yangu. Hilo bado ni la kuni, nje, penye upepo. Halafu yuko Bibi. Mwezi wa saba, ukungu ukishuka, alikuja akanyoosha viganja mbele ya moto wa buluu, akavirudisha. "Moto huu hauoteki," akasema, akarudi zake kwenye jiko la zamani. Hatubishani naye. Wala hatuwashi oveni ili itupashe joto, kwa sababu chumba kilichofungwa na moto wa gesi ni njia ya kufa.

Sheria za nyumba yetu ni chache. Usiku mtungi unafungwa kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko tu. Mtungi haulazwi wala haumwagiwi maji ya moto hata ukielekea kwisha. Mpishi haendi dukani akaacha moto. Mpira unakaguliwa kila mtungi unapobadilishwa, na ukionyesha ufa au mwaka wake ukipita, unatupwa. Ukisikia harufu, usiguse swichi ya taa, iwe kuwasha au kuzima, wala usipige simu humo ndani. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu, ndipo umwite fundi.

Majuzi Shangazi amenunuliwa jiko na mwanawe. Mama akaniambia, "Mwandikie mambo yale. Kwa Kiswahili cha kueleweka, si cha riwaya." Nikaandika kurasa mbili. Shangazi amezibandika ukutani kwa unga wa ngano, na ameshanirudishia swali juu ya sentensi ya tatu: anasema haieleweki. Naiandika upya.