Siku ya Tatu Mpe Jembe

Wahenga walinena kuwa mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yamkini methali hiyo haikuwamo akilini mwa kijana mmoja wa Nyamira jioni aliyoketi jikoni kwa nyanya yake, karatasi magotini, akipanga ziara ya siku tatu kwa ajili ya mwenzake wa chuoni. Mwenzake huyo alitoka Lamu na hakuwa amewahi kukanyaga milima ya Gusii. Ombi lake lilikuwa fupi: auone mji, kisha ayaone mashamba.

Mwenyeji alianza kwa fahari. Siku ya kwanza, aliandika, mji wa Kisii. Siku ya pili, Tabaka kwa wachongaji wa mawe ya sabuni. Siku ya tatu, mlima wa Manga. Hapo kalamu ikasita. Mjini wataona nini? Yeye aliujua mji huo kama mahali pa kubadilishia matatu na kunywea chai kabla ya safari ya Nairobi. Tabaka hakuwa amefika. Manga aliitazama kila alipokuwa Kisii, wala hakuwa ameipanda hata siku moja. La ajabu ni kwamba Ngome ya Yesu aliijua vyema, kwa kuwa shule yao iliwapeleka Mombasa alipokuwa kidato cha tatu. Mgeni angekuja kuongozwa na mgeni mwenziwe.

Nyanya yake alikuwa kando ya meko akichambua mboga za chinsaga. Aliuliza bila kuinua uso.

“Huko Manga mtapanda saa ngapi?”

“Alasiri, Magokoro, jua likishapoa.”

Bi kizee alicheka. “Basi mwambie aje na mwavuli, maana utamwonyesha mvua tu.”

Alieleza jambo ambalo kila mkulima wa huko hulijua. Asubuhi milima huwa wazi. Jua likishapanda, upepo wa Ziwa Victoria hupanda nao kuelekea nchi ya juu ukiwa umebeba unyevu, na mara nyingi baada ya adhuhuri mvua huanguka. Atakaye kuliona ziwa liking’aa upande wa magharibi, na awe juu ya Manga mapema, siku isiyo na ukungu. Kijana alifuta neno alasiri, akaandika saa moja asubuhi.

“Na mjini?” aliuliza nyanya.

“Mjini hakuna cha kutazama. Nusu siku yatosha.”

Mikono ya bi kizee ilitulia juu ya mboga. Pale, alisema, kabla ya maduka na benki, palikuwa Getembe. Alisimulia aliyoyapata kwa nyanya yake mwenyewe: jinsi nabii Sakawa alivyotabiri kuja kwa wageni weupe, jinsi Moraa alivyowachochea vijana wasikubali kutawaliwa, na jinsi Otenyo alivyomchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote, mnamo Januari 1908. Mzungu huyo alipona, na miaka mingi baadaye, mwaka 1937, akawa Gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa. Nyumba za Abagusii ziliteketezwa, ng’ombe wakaswagwa, watu wengi wakapoteza maisha. Hata miaka kumi haikutimia kabla ya Waingereza na Wajerumani kupigana papo hapo Kisii, Septemba 1914.

“Mpitishe mgeni wako polepole,” alisema. “Mahali pakikosa sanamu haimaanishi pamekosa habari.”

Kijana aliongeza nusu siku ya mjini ikawa siku nzima. Ikabaki Tabaka. Nyanya aliinuka kwa kujikongoja, magoti yakimlalamikia, akatoa kabatini kibakuli cha jiwe chenye rangi ya waridi. Alikieleza kama aliyeshuhudia: mwamba huchimbuliwa mashimoni kwa mikono, huchongwa kwa panga na visu, kisha wanawake hulisugua jiwe kwa msasa na maji hadi liwe laini kama shavu la mtoto.

“Kumbe ulifika, Magokoro?”

“Nilisimuliwa. Kibakuli hiki nimekaa nacho tangu ujana wangu, lakini mahali kilipozaliwa sipajui.” Alikipangusa kwa ncha ya leso, akakirudisha. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka jibu, “Gari la kwenda huko huchukua watu wangapi?”

Kijana aliitazama karatasi yake. Alikuwa amehesabu nauli ya watu wawili. Alikuwa amepanga bodaboda na mwendo wa miguu mlimani, na vitanda viwili katika nyumba ya wageni mjini. Mpango mzima uliwafaa watu wenye magoti mazima. Aliyempa habari zote hizo hakuwa na nafasi ndani yake, naye umri ulikuwa umemtupa mkono; ziara ya mwaka kesho haikuwa ahadi ya kumpa mtu wa makamo yake.

Alivifuta vitanda vya mjini. Mgeni angelala hapa nyumbani, na fedha hizo zingelipa matatu badala ya bodaboda. Mahali palipoandikwa nauli ya wawili, akaandika nauli ya watatu. Manga wangekwenda kwa gari hadi litakapofika. Wenye nguvu wangeendelea juu, naye nyanya angengoja penye kivuli, au apande kadiri atakavyojaliwa.

Alimsomea mpango upya, siku baada ya siku. Nyanya alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

“Siku ya tatu mchana umeiacha tupu.”

“Si ulisema kutakuwa na mvua, Magokoro?”

“Chai huchumwa hata kukinyesha. Mgeni wako atoka Lamu, na chai anaijua ikiwa kikombeni. Afundishwe kuchuma majani mawili na chipukizi, aupeleke mzigo wake kituoni ukapimwe. Au mlidhani atakula chinsaga yangu siku tatu bila kazi?”

Kijana alicheka, akaandika chini kabisa ya karatasi: vikapu viwili.