Siku jeki ilipoteleza, mama akasema gereji ya nyumbani basi

Jumamosi ile asubuhi, katika nyumba moja ya Goba, Dar es Salaam, mama alikuwa jikoni akikoroga uji wa mtoto wa mwisho. Dirisha la jiko linatazama uani, kwenye banda la bati ambako mumewe hutengenezea magari kila mwisho wa wiki. Siku za kazi baba huyu ni mwalimu wa sekondari. Jumamosi na Jumapili ni fundi, na fedha za ufundi ndizo zinazolipa ada ya watoto wawili wakubwa.

Siku hiyo Toyota Noah ya jirani ilikuwa juu ya jeki, tairi la mbele kushoto limeshatolewa ili wabadilishe bushi. Kijana wao wa miaka 15 alikuwa amelala chini ya gari akimshikia baba tochi.

"Lete spana namba 17," baba alimwambia.

Kijana akajivuta, akatoka, akaelekea kwenye sanduku la vifaa. Hakufika. Nyuma yake jeki ilipinda kwenye mchanga, ikaruka kama punje ya mahindi kwenye kikaango, na Noah ikashuka kwa kishindo.

Kitu kimoja kiliokoa mkono wa baba. Alipotoa tairi alikuwa amelisukuma chini ya ubavu wa gari, mazoea aliyofundishwa na fundi wake wa zamani wa Gerezani. Gari lilikalia tairi badala ya kukalia mtu. Tofali la saruji lililowekwa upande wa pili kama akiba lilikuwa limesagika vipande vitatu.

Mama hakupiga kelele. Alizima jiko, akambeba mdogo mgongoni, akaenda kusimama bandani akitazama pale kijana alipokuwa amelala dakika moja iliyopita. Siku mbili nyumba ile haikuwa na maongezi zaidi ya shikamoo na karibu chakula. Siku ya tatu usiku akasema: "Baba watoto, tafuta kitu cha kuinulia gari ambacho mtu akilala chini yake mimi naweza kuendelea kupika. Usipokipata, banda hilo tufugie kuku."

Wiki hiyo hiyo baba alinunua stendi nne za chuma za tani 3 kila moja. Kwa mwenye jeki nyumbani, hapo ndipo pa kuanzia, hata kama hana mpango wa kununua kitu kingine. Jeki ni ya kuinulia gari, haikutengenezwa kulishikilia mtu akiwa chini. Ile ya mafuta hutegemea mpira mdogo ndani yake, na mpira ukichoka mafuta yanarudi na gari linashuka. Tofali nalo halitoi onyo, linabeba, linabeba, kisha linapasuka. Hata hivyo stendi inataka sakafu ngumu. Kwenye mchanga miguu yake inazama, na mchanga ndio uliokuwa sehemu kubwa ya uwanja wao.

Wazo la kwanza la baba lilikuwa shimo, kama yale ya gereji nyingi za mtaani. Ni rahisi, halina mota wala umeme, na gari linabaki ardhini kwa matairi yake. Mama alilikataa kabla sentensi haijaisha. Mtoto wa mwisho ana miaka mitatu na hupenda kufuata vifaranga hadi uvunguni mwa magari. Yeye aliwaza mtoto kudumbukia, maji ya masika na mbu. Yule fundi wa Gerezani alipoulizwa kwa simu aliongeza la kwake: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa na kutulia shimoni. Fundi anayefungua paipu ya mafuta huku taa ya waya inaning'inia kichwani anakuwa amesimama ndani ya kibiriti.

"Mwambie shemeji yuko sahihi," fundi alimalizia. "Tafuta lifti."

Baba alianza kuzunguka kwenye maduka ya vifaa vya gereji, na macho yake yakaangukia lifti ya nguzo mbili, kama wengi wanaoingia maduka hayo. Inapendeza. Mikono minne inalishika gari kwenye fremu, matairi yote yananing'inia, na fundi anasimama wima chini yake kama bwana. Nyingi zinabeba tani 4, wakati Noah tupu haifiki tani 2.

Alirudi nyumbani na futi kamba, akamwita kijana washike ncha mbili. Noah ina urefu wa karibu mita 1.85 kutoka chini hadi paa. Ukiiinua mita 1.8 ili mtu asimame chini, unahitaji zaidi ya mita 3.6. Bati la banda lao lilikuwa mita 2.7.

"Tutatoboa paa, gari lichungulie," kijana alitania. Baba alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile.

Sakafu ndiyo iliyommaliza nguvu. Pembeni mwa banda kulikuwa na kipande cha zege ambacho siku zote alikiamini. Alitoboa kwa drili apime unene. Sentimita 5, kisha kifusi. Lifti ya nguzo mbili hufungwa sakafuni kwa bolti, na mikono yake imejitokeza mbele, kwa hiyo uzito wa gari hausukumi nguzo chini tu, unataka kuiinamisha. Kijana, ambaye fizikia anaijua kwa sababu hana pa kuikimbilia nyumbani kwao, alilieleza vizuri zaidi: ni kama kubeba ndoo ya maji mkono ukiwa umenyooshwa, mzigo unakuvuta bega. Bolti ndilo bega. Watengenezaji wengi huandika unene wa chini wa zege kuwa karibu sentimita 10, lenye ubora, na mafundi makini huenda hadi 15. Sentimita 5 juu ya kifusi ni plasta.

Lifti ya nguzo nne haina tabu hiyo sana, maana gari linapanda kwa matairi yake juu ya njia mbili na uzito unashuka wima kwenye pembe nne. Lakini inakula nafasi ya banda zima, na ukitaka kutoa tairi unahitaji jeki nyingine juu yake. Kwa mtu ambaye kazi yake kubwa ni breki, bushi na shokapu, huko ni kurudi kwenye jeki kwa gharama kubwa.

Hapo ndipo ikaja habari ya bahati. Gereji moja ilikuwa inafungwa na kuuza nguzo mbili zilizotumika, kwa bei iliyomfanya baba asahau paa na sakafu kwa pamoja. Mama alisema atamsindikiza. Walifika, muuzaji akabonyeza, gari bovu likapanda vizuri kabisa. Baba alikuwa ameshaanza kuulizia usafiri wa kuibeba.

Mama alikuwa anatazama nguzo. Upande mmoja, kwenye kifuniko karibu na kifua, palikuwa na kipande cha waya kimefungwa kwa nguvu.

"Hii waya ni ya nini, kaka?"

"Ah, hiyo shemeji ni ya kuzuia kufuli. Zinachelewesha kushusha. Tukiwa na haraka tunafunga."

Ikumbukwe kufuli hizo ndizo roho ya lifti. Haidroliki hupandisha, lakini vyuma vinavyodondoka kwenye vitobo kila baada ya sentimita kadhaa ndivyo vinavyolishikilia gari paipu ikipasuka. Hata lifti nzima ikishafika juu, hushushwa kidogo hadi ikalie kufuli, ndipo mtu aingie chini. Ile pale ilikuwa imefanya kazi, pengine miaka, upande mmoja umefungwa mdomo. Baba alipoinama aliona na kamba ya chuma inayolinganisha mikono, nyuzi zake kadhaa zimekatika na kusimama kama ndevu.

Mama alishukuru kwa adabu, akatoka kwenda kutafuta bodaboda.

Walichonunua mwishowe hakipendezi hata kidogo. Ni lifti ya mkasi, ile fupi inayokaa chini ya tumbo la gari na kuinua kama mita 1. Haigusi paa. Uzito wake unasambaa kwenye sakafu badala ya kuvuta bolti. Matairi yananing'inia yote, na fundi anakaa kwenye kigoda badala ya kulala. Ubaya wake ni kwamba vyuma vyenyewe vinaziba katikati ya gari, kwa hiyo kazi ya giaboksi na sehemu ya eksozi baba ameziacha, anawaelekeza wateja kwingine. Mama alimuuliza kama hilo litapunguza fedha. Akakubali kwamba litapunguza.

Mota ni ya njia moja, inatosha umeme wao wa nyumbani, na kwa kuwa inafanya kazi chini ya dakika moja kila inapopandisha, uniti moja ya Luku inainua gari zaidi ya mara 20. Fedha ilitoka kwenye geti walilokuwa wanaliwekea akiba. Geti la mabanzi lipo mpaka leo.

Kabla ya lifti kufika walimwaga zege jipya la sentimita 15 lenye nondo, wakalimwagilia maji wiki nzima na kungoja siku 28 bila kuweka hata pikipiki juu yake. Wateja wawili walihama. Kijana alihesabu siku kwa chaki ukutani.

Siku ya kwanza waliweka Noah yao wenyewe. Baba alipandisha polepole, kufuli zikilia ka, ka, ka, kisha akashusha hadi zikakamata. Mama alikuja na mdogo mgongoni, akaweka kiganja kwenye bampa, akasukuma. Akasukuma tena kwa bega. Gari halikutikisika.

"Ufunguo wa swichi ukimaliza kazi unaukabidhi kwangu," alisema.

"Sawa, mama."

Kijana alikuwa ameshika tochi tayari. Baba alimzuia kwa mkono, akaingia yeye kwanza na kukaa kwenye kigoda, ndipo akamwita. Mama alivuta kiti cha plastiki hadi mlangoni mwa banda, akaanza kuchambua mchele kwenye ungo. Mchele ule uliisha mawe mapema, lakini aliendelea kuuchambua hadi walipotoka.