Chozi
Kazini nimezoea kupiga picha wanasiasa. Wao hujileta wenyewe mbele ya kamera. Ndege wadogo wa msitu wa Arabuko-Sokoke, huku Kilifi, hawana shida hiyo. Nilijibanza ndani ya kibanda cha makuti kando ya kidimbwi, mwanga hafifu, lenzi nzito, mbu wakinila.

“Mwanangu, tulia,” mzee aliyeniongoza akaninong’oneza. “Wao washakuona kitambo.”

Baba naye alikuwa mkimya vile. Kila likizo nilipita nyumbani mbiombio, nikisema nitampiga picha siku nikipata nafasi. Tulimzika kwa picha ya kitambulisho, iliyokuzwa mpaka sura ikafifia.

Chozi mmoja akashuka, akanywa, akaruka. Kamera ilikuwa mapajani. Safari hii, angalau, nilitazama.